Mwimbaji kajifungia bandani, katoka na jahazi

Juzi nimepoteza karibu saa nzima natumiana voisi na rafiki yangu mmoja mpiga besi, tunabishana kuhusu albamu iliyotoka Julai 1976, wakati huo hata sisi wenyewe hatujazaliwa. Albamu yenyewe ni Olias of Sunhillow ya Jon Anderson, yule aliyekuwa mwimbaji wa Yes, bendi ya roki ya Uingereza, mwenye ile sauti ya juu kama imefungwa kwenye kishada. Mi nikamwambia katika vyote walivyotoa watu wa Yes wakiwa nje ya Yes, hii ndo ya ajabu kuliko zote. Akanijibu, "Kaka, hiyo albamu haina mgongo." Nikamwuliza mgongo gani. Akacheka tu, unajua wapiga besi walivyo, kwao kila kitu kisichokuwa na besi ni kiwete.

Sasa nimeshindwa kulala nayo ndo maana naandika, kwa sababu kusema kweli yuko sahihi, haina mgongo, na mimi bado naipenda, na nataka nijieleze hapa kwa raha zangu bila mtu kunikatiza.

Kwanza hebu fikiria kazi ya mwimbaji kwenye bendi ya progu, ile roki ya nyimbo ndefu zenye mipango mingi. Roki ya kawaida mwimbaji ndo mfalme, anaimba, wengine wanamsindikiza, gitaa linapewa sekunde 30 zake linamaliza, biashara imekwisha. Progu sio hivyo. Nyimbo inaenda dakika 18, dakika 20, mapigo yanabadilika kila ukizoea, kinanda kinachukua dakika nne, gitaa linachukua tano, na mwimbaji je? Mwimbaji anasimama pale stejini na tambarini. Anagonga tambarini, anaangalia wenzake kwa upole, anasubiri zamu. Yes walikuwa wabaya zaidi kwa hili kwa sababu kila aliyekuwa mle alikuwa fundi wa kutisha, Steve Howe kwenye gitaa, Chris Squire kwenye besi, Bill Bruford na baadaye Alan White kwenye dramu, Rick Wakeman na vinanda vyake vimemzunguka kama mama ntilie na masufuria. Katikati yao kuna jamaa mfupi kavaa nguo nyeupe, hana chombo. Au ana gitaa la kavu analolikwaruza kidogo.

Na huyo jamaa mfupi ndo alikuwa analeta nyimbo! Hapo ndo pananifurahishaga. Anderson kazaliwa 1944 Accrington, mji wa viwanda kule Lancashire kaskazini mwa Uingereza, kafanya kazi shambani, kaendesha lori, kasambaza maziwa, hakusomea muziki popote. Kafika London, kawa anafanyafanya kazi kwenye klabu moja ndogo ya Soho inaitwa La Chasse, na hapo ndo 1968 kakutanishwa na Squire, wakagundua wote wanapenda nyimbo zenye sauti nyingi zilizopangwa vizuri, Yes ikazaliwa. Basi njia yake ya kutunga ilikuwa hiyohiyo miaka yote: anakuja na kodi chache za gitaa na melodi kichwani, anawaimbia wenzake, anawaeleza kwa mikono na kwa maneno yasiyoeleweka anachokisikia, na wao mafundi ndo wanakwenda kukijenga. Yaani ni kama mtu anayeota nyumba halafu anaamka anawasimulia waashi.

Shida ya waashi ni kwamba wanabishana na ndoto. Wanasema ukuta hautasimama hapo, dirisha hilo halifunguki.

Mfano mzuri ni 1973. Anderson na Howe wakaja na wazo la Tales from Topographic Oceans, santuri mbili, nyimbo nne tu, kila moja inakula upande mzima wa santuri, dakika 20 hivi, mambo yake ya kiroho hayo. Wakeman hakuipenda. Kuna kisa amekisimulia mwenyewe mara nyingi, kwamba walipokuwa wanapiga albamu hiyo Manchester, fundi wake wa vinanda aliyekuwa kalala chini ya ogani akamwuliza atakula nini baada ya shoo, Wakeman akasema kari, yule fundi akaelewa ni sasa hivi, akamletea. Na Wakeman akala. Stejini, shoo inaendelea, mwenzako anaimba habari za ufunuo wa roho we unachovya mkate kwenye mchuzi! Mwaka uliofuata akaondoka kwenye bendi.

Watu husimulia hicho kisa wacheke tu. Mi huwa nakiona ni zaidi ya kichekesho. Kwenye bendi siku zote lazima awepo mtu wa kula kari. Yule ambaye wewe ukipaa sana, yeye yuko chini anatafuna, na kutafuna kwake kunakuambia kitu.

Sasa turudi kwenye albamu yetu. Agosti 1975 Yes wakamaliza ziara ndefu, wamechoka, kwenye vinanda sasa yupo Patrick Moraz, Mswisi. Wakakubaliana kila mmoja aende zake atengeneze albamu yake, halafu warudi. Wote watano! Sijui kama unaelewa huo ni wazimu wa kiasi gani, bendi ya watu watano inatoa albamu tano za mtu mmojammoja ndani ya kama mwaka. Kibiashara sijui nani alikubali. Lakini kwa sisi wasikilizaji ni zawadi, maana ni kama mtu kakuchukulia pilau akakutenganishia viungo kila kimoja kwenye kisahani chake, unaonja, unajua sasa ile ladha ilikuwa inatoka wapi.

Ya Howe ina magitaa mazuri sana na kaimba mwenyewe, na hapo kwenye kuimba mwenyewe tunyamaze. Ya Squire, Fish Out of Water, ni bonge la albamu, ukiiweka unasikia nusu ya Yes iko pale, ile besi inayokoroma kama pikipiki, okestra, Bruford kwenye dramu, hadi ogani ya kanisa kuu la St Paul's London imepigwa mle. Ya Alan White imejaa washkaji zake wa zamani, ina fanki, ina soul, ni albamu ya mtu aliyekwenda mapumziko kweli, na Anderson na Howe wamemsaidia kwenye wimbo mmoja. Ya Moraz ina wapiga ngoma wa Brazil na inakimbia kama imeibiwa kitu. Zote hizo nne, angalia vizuri, zina watu ndani. Kila mmoja alipopewa likizo akaenda kutafuta kampani nyingine.

Anderson hakutafuta mtu. Kajifungia kwenye gereji.

Naposema gereji usifikirie ile ya kubadilisha oili, namaanisha banda la kulaza gari, nyumbani kwake kijijini Seer Green, mkoa wa Buckinghamshire. Kaweka vifaa vya kurekodia humo, yuko na fundi mitambo mmoja tu, Mike Dunne, basi. Vyombo vyote kapiga yeye. Yule yule wa tambarini! Kinubi, sinthesaiza (kinanda cha umeme cha kutengeneza sauti za kila namna), gitaa la kavu, vitu vya kugongagonga vya kila aina, na juu ya vyote sauti yake mwenyewe, imewekwa juu ya sauti yake, imewekwa juu ya sauti yake, mpaka mtu mmoja anakuwa kijiji. Miezi na miezi. Bendi ikiwa imejaa mabingwa wa dunia, angeweza kumpigia Howe simu akaja kumaliza gitaa lote kwa mchana mmoja. Hakutaka.

Nimejiuliza sana kwa nini. Wengine watakwambia ni kiburi. Mi nadhani ilikuwa kinyume chake, nadhani alichoka kuwa mtu anayeeleza. Miaka saba unaota, unasimulia, na kila unachosimulia kinarudi kimebadilika, kimekuwa kizuri, kizuri kuliko ulichosema hata, lakini sio kile. Siku moja unataka uone kile chenyewe kilivyo, hata kama mikono yako haiwezi. Na mikono yake kweli haikuwa inaweza sana, tusidanganyane. Ukisikiliza gitaa mle ni kodi za mtu anayejifunza, kinubi anachezesha vidole kwenda juu kurudi chini kama mtoto kapewa toi, sinthesaiza anashikilia noti moja refu kwa sababu kushikilia noti moja refu ndo anachoweza. Lakini kapanga hivyo vidogo vyake kwa subira ya ajabu, kipande juu ya kipande, na masikio yake yalikuwa ya bingwa hata kama vidole havikuwa. Kuna tofauti kati ya hivyo vitu viwili na hii albamu ndo ilinifundisha mimi hiyo tofauti.

Mara ya kwanza kuisikiliza niliizima. Niliiweka nafua nguo, na hii sio albamu ya kufulia nguo, inakuwa kama redio ya jirani, inavuma tu huko nyuma, hakuna kibwagizo cha kukudaka, hakuna dramu ya kukuambia sasa tumefika hapa. Nikasema hawa watu wa zamani walikuwa wanavuta nini. Ikakaa kwenye simu miaka kadhaa haijaguswa. Halafu usiku mmoja umeme umekatika, sina la kufanya, simu ina asilimia 40, earphone zipo, nikaiweka tena, giza totoro, nimelala chali. Dakika 44 hivi. Sikugeuka hata ubavu.

Kwa sababu gizani ndo unasikia kwamba hakuna vyombo vingi mle kama ulivyodhani, vingi ni yeye. Ule wimbo wa kwanza, Ocean Song, unaanza kama maji yanaamka, unangoja mtu aimbe, mtu haimbi, zinakuja sauti kutoka mbali kama watu wako ng'ambo ya maji. Halafu zinasogea. Kuna sehemu kwenye Dance of Ranyart kinubi kinaanza kudondoka dondoka na sauti moja inaingia karibu kabisa na sikio, nilishtuka, nikajiona kama mtu kaingia chumbani. Na kwenye Qoquaq, hapo katikati ya upande wa kwanza, wanakuja kama kundi zima linaimba kwa mapigo, wanaitana na kuitikiana, maneno ya lugha ambayo haipo, na we mwenyewe unajua huko kundini ni Jon, Jon, Jon na Jon. Mwenye kujua kwaya anajua raha ya sauti nyingi ni kwamba kila mtu ana kifua chake, kuna mwenye kukwaruza, kuna mwenye kuchelewa. Hapa hakuna, sauti zote ni za koo moja, kwa hiyo zinaungana namna isiyo ya kawaida, zinang'aa kupita kiasi, kidogo inatisha hata. Ni kwaya ya mtu na vivuli vyake.

Hadithi nayo ipo, maana ni progu bwana, usitegemee kukwepa hadithi. Kuna dunia inaitwa Sunhillow, inakaribia kuangamia kwa milima ya moto. Kuna makabila manne, majina yao sitayaandika hapa maana simu yangu itayasahihisha yote. Kuna watu watatu wa kuwaokoa: Olias ndo fundi anayejenga chombo, jahazi la kuruka linaitwa Moorglade, Ranyart ndo nahodha, na Qoquaq ndo kiongozi anayewakusanya watu wakubali kupanda. Wanapanda, dunia yao inalipuka nyuma yao, huko njiani hofu inawaingia, wanaanza kupoteana wao kwa wao ndani ya chombo, mpaka muziki unawakusanya tena na wanapata pa kutua. Basi. Ukisoma haraka ni safina ya Nuhu imepakwa rangi za anga. Wazo mwenyewe alisema lilimjia kutokana na kava za albamu za Yes alizochora Roger Dean, ile Fragile ya 1971 ina kidunia kidogo kinapasuka na kachombo kanaruka juu yake, akaanza kujiuliza hao waliomo humo wanakwenda wapi. Yaani mtu katunga albamu nzima kutokana na kava ya albamu yake mwenyewe ya zamani. Na kava ya hii sasa kachora David Fairbrother-Roe, nzuri kishenzi, ukiipata ile santuri yenyewe ya zamani ina kurasa za michoro na hadithi imeandikwa humo, mi nimeiona kwenye picha tu na roho inauma.

Ila nirudi kwenye hao watatu. Nimeisikiliza hii hadithi mara nyingi, na kila nikiisikiliza naona sio hadithi ya anga, ni hadithi ya bendi. Fundi wa kujenga, nahodha wa kuongoza, na mtu wa kuwashawishi watu wakae pamoja kwenye chombo kimoja. Halafu safarini wanagombana. Unaona? Jamaa kaikimbia bendi, kajifungia peke yake miezi, na alichotunga humo ndani ni habari za makabila manne yanayotakiwa kuelewana ndani ya jahazi moja. Peke yake ameigiza wote. Labda nazidisha, najua, hiki ni kichwa changu mimi, lakini jaribu kusikiliza ukiwa na hilo wazo uniambie.

Sasa tufike kwenye mgongo.

Rafiki yangu anasema hivi, na nanukuu voisi yake kwa kadri nakumbuka: kwenye Yes, Anderson akipaa, Squire anamshika mguu. Sauti inakwenda juu kabisa huko na besi iko chini inakokota, inakoroma, ina uchafu, na ile nafasi kati ya hivyo viwili ndo Yes yenyewe. Ondoa besi, mwimbaji anaondoka na upepo. Na kweli, upande wa pili, ile sehemu ndefu ya Moon Ra inayokwenda zaidi ya dakika 12, kuna mahali inaelea, inaelea, na mtu wa kusema "sawa Jon tumeelewa, tuendelee" hayupo. Hakuna wa kula kari. Nimejaribu kuitetea hiyo sehemu nikashindwa. Kuna dakika kama tatu mle ningezikata mwenyewe kwa mkasi. Na sauti ya rekodi nayo, siku hizi tumezoea vitu vimesafishwa, hii ina ukungu fulani, vitu vimerundikana vinasukumana. Wapo wanaoupenda huo ukungu. Mimi siku nyingine naupenda siku nyingine naona kama nasikiliza kupitia blanketi.

Lakini mwisho wa hiyo hiyo Moon Ra, ile Song of Search, baada ya watu wote kuzungumza kwa pamoja inabaki melodi ndogo moja tu, taratibu, na nakuapia hiyo dakika isingekuwepo kwenye Yes. Yes wasingeiacha hivyo. Howe angeiwekea kitu. Sio kwa ubaya, ndo kazi yake, ukimwonesha Howe ukuta mweupe atachora. Na To the Runner, wimbo wa kufungia, ndo pekee unaofanana na wimbo wa kawaida, una mwendo, una mahali pa kuimbia na wewe, unakuja mwisho kama mtu anakurudisha mlangoni kwako.

Kuna na ule uvumi wa Vangelis. Walikuwepo na bado wapo wanaoamini hizi sinthesaiza sio za Anderson, ni Vangelis, yule Mgiriki bingwa wa sinthesaiza, kajificha kwa sababu za mikataba. Msingi wa huo uvumi unaeleweka, 1974 Wakeman alipotoka Vangelis alijaribiwa Yes, haikuwa, halafu 1975 Anderson akaimba kwenye albamu ya Vangelis, Heaven and Hell, na baadaye wakawa wawili kabisa Jon na Vangelis wakatoa vitu vyao. Kwa hiyo watu wamesikia sinthesaiza linatandaza mawingu wakasema huyu ni yule. Wenyewe walikataa. Mi hata bila wao kukataa nisingeamini, kwa sababu niliyokwisha kusema: vidole vya Vangelis haviendi hivyo. Hivi ni vidole vya mwanafunzi aliyemsikiliza sana mwalimu. Na unajua inachekesha, huo uvumi ni tusi lakini ndani yake kuna sifa kubwa, watu hawakuamini kwamba yule asiye na chombo kaweza.

Na iliuza jamani! Namba 8 Uingereza, 47 Marekani. Albamu ya lugha za kubuni isiyo na dramu, namba 8, mwaka ambao London panki, roki fupi ya fujo, ilikuwa inaanza kuchemka na vijana wanasema hawa wazee wa nyimbo ndefu waondoke. Wakati inatoka Yes wenyewe walikuwa njiani Marekani, Juni 1976 walipiga uwanja wa JFK Philadelphia mbele ya watu zaidi ya laki moja. Nafikiriaga hiyo wiki ya huyu mtu. Umetoka kwenye banda la gari wewe na fundi mmoja, unaimba na vivuli vyako, halafu unasimama mbele ya laki moja.

Wengine waliotoka kwenye bendi zao kwenda kufanya za kwao wana hadithi tofauti, wasichanganywe. Peter Gabriel aliondoka Genesis 1975 moja kwa moja, albamu yake ya kwanza 1977 ni ya mtu aliyefunga mlango. Fish wa Marillion naye, kaondoka 1988 kwa ugomvi, albamu 1990, unasikia hasira na deni mle. Peter Hammill wa Van der Graaf Generator alikuwa na staili yake ya peke yake, bendi ikivunjika wanabendi walewale wanakuja kupiga kwenye albamu zake, sasa hapo umeondoka au hujaondoka? Anderson yeye alikuwa likizo. Alijua anarudi. Nadhani hiyo ndo inafanya albamu isiwe na uchungu hata chembe, hamna mtu anayesutwa mle, hamna cha kuthibitisha kwa mtu. Ni mtu kaenda kuangalia kitu halafu arudi awaambie wenzake.

Na alirudi nacho, hapa ndo nilimkamata rafiki yangu. Mwisho wa 1976 Yes wakaenda Montreux, Uswisi, Moraz katoka, Wakeman karudi, wakarekodi Going for the One, ikatoka 1977 ikawa namba moja Uingereza. Mle kuna wimbo wa dakika 15 na ushee unaitwa Awaken. Wakeman hakupiga ogani studio, alikaa kanisani Vevey, mji wa jirani, sauti ikapitishwa kwenye laini ya simu mpaka studio, watu wanapiga pamoja wako miji miwili. Na katikati ya wimbo kila kitu kinanyamaza. Howe kanyamaza, kitu ambacho ni nadra. Kinabaki kinubi kinadondoka dondoka, ogani ya mbali, vitu vidogo vya kugongwa. Nani kashika kinubi? Yule wa tambarini. Kile kinubi cha bandani, zile zile njia zake za mwanafunzi, juu chini juu chini, sasa kimesimama katikati ya bendi ya mafundi na hakuna mtu anayekibishia. Wakeman mwenyewe, mla kari, anapiga taratibu kumpisha. Hiyo sehemu ya katikati ya Awaken ni Sunhillow, haikujificha. Mwaka ule wa 1973 angeisimulia kwa mikono wakamjengea kitu kingine.

Basi nikakata hicho kipande nikamtumia rafiki yangu bila maelezo, nikasubiri. Alama mbili za buluu. Kimya. Nikajua nimeshinda, nikaenda zangu kuoga.

Narudi nakuta voisi ya sekunde tisa. "Nimesikia kinubi chako kaka, kizuri. Sasa rudisha nyuma, usikilize besi inapoingia."

Nimerudisha nyuma mara nne sasa.